Njia ya Toroli

Bendera nyekundu ni ya mtu aliyelala chini. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa, na asubuhi ile kwenye lango la chini Mama Ramani, msimamizi wetu wa ujenzi, alirudia mara tatu, akitutazama mmoja mmoja. Njano ni ya kupunguza mwendo. Nyekundu ni ya mtu aliyelala chini, hajiwezi, na pikipiki nyingine inakuja nyuma yake. Ukiinua nyekundu bila mtu chini, alisema, unaweza kuitupa kazi yetu ya miezi saba.

Mimi sikutakiwa kushika bendera. Tangu siku ya kwanza kazi yangu ilikuwa toroli na koleo. Lakini binti aliyepangiwa kituo cha nne aliteguka mguu jana yake, na Mama Ramani alipotafuta wa kumbadilisha, macho yake yakaniangukia mimi. Wenzangu walicheka. Mzee tuliyemwita Sururu alisema kituo cha nne sasa kina utulivu wa kutosha, maana hata pikipiki impitie Kimya tumboni, hatalalamika. Kimya ndilo jina walilonipa. Sikuliona baya.

Tulikuwa tunajenga uwanja wa pikipiki wa umma, wa kwanza katika wilaya yetu. Haukuwa uwanja wa lami. Ilikuwa njia ya udongo ya kilomita tatu, iliyopita katika machimbo ya zamani ya kifusi, yenye matuta, kona na miteremko, ili vijana wanaopenda mbio wazifanyie huko badala ya barabara kuu. Barabara kuu ilikuwa inatumaliza. Mwaka uliotangulia ilimchukua rafiki wa kaka yangu. Kaka alimbeba mikononi, akarudi nyumbani na shati ambalo mama alilifua mara nne, kisha akalichoma moto. Baada ya hapo kaka na wenzake walishinda kwenye korido za halmashauri hadi wakapewa lile eneo, kwa sharti moja. Njia ipite ukaguzi wa usalama kabla ya kikao cha madiwani. Isipopita, kuna mfanyabiashara aliyekuwa anasubiri kujenga ghala hapo, na kila mtu alilijua gari lake.

Ukaguzi wenyewe ulikuwa hivi. Watu watatu wangeiendesha njia, mmoja baada ya mwingine: mzoefu, wa kawaida na mwanafunzi. Wote watatu wawe hawajawahi kuitia machoni. Mkaguzi alikuwa mkali juu ya hilo, akisema anayeijua njia hawezi kuipima. Kaka yangu ndiye alikuwa wa kawaida. Kwa miezi saba alikatazwa kuvuka lango, yeye aliyelipigania eneo lile, na mimi nilikatazwa kumsimulia. Wenzake kijiweni walimwita Bila Breki. Asubuhi hiyo mama alimfunga kamba za viatu kama mtoto wa chekechea, naye akatulia akafungwa.

Vituo vilikuwa sita kutoka juu kwenda chini. Wa kituo cha tano na cha sita walipanda kwa miguu kutoka lango la chini, kama tulivyozoea sote. Sisi wanne tulipakiwa kwenye pikapu ya mkaguzi, ikazunguka na barabara ya nyuma hadi lango la juu, ili tushuke tukibaki mmoja mmoja kila kituo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufika juu kule. Tanki la maji, stoo ya zana na kibanda cha kivuli vyote vilikuwa chini. Hata katapila lilianzia chini. Kila asubuhi tulipanda, kila jioni tukarudi tulipotoka kwa njia ya mkato ya pembeni.

Huko juu waendeshaji walikuwa wamejipanga. Mzoefu alikuwa fundi wa pikipiki mwenye ndevu za mvi, anaitwa Fundi Spoki, ambaye watu walisema anaweza kufungua injini akiwa amelala. Mwanafunzi alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, mwanamke mwembamba aliyejifunza pikipiki miezi mitatu tu ili afike shuleni kwake. Helmeti aliyoazimwa ilimzidi, kila akiinamisha kichwa inamfunika macho. Kaka aliponiona na bendera zangu mbili alisema sasa nimekuwa trafiki, nisimwandikie kosa tafadhali. Nilitaka kumjibu kitu. Pikapu ikaondoka, nikaanza kushuka na wenzangu.

Wa kwanza akabaki kituoni kwake, wa pili akabaki, wa tatu akabaki. Nikaendelea peke yangu. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, udongo wa njia ulikuwa mweusi na majani yameulalia. Nikapanda tuta kubwa lililo juu ya kituo changu, nikalivuka, nikashuka upande wa pili. Njia ilikuwa nzuri pale. Ngumu, safi, maji hayakusimama hata kidogo. Nakumbuka niliwaza moyoni kwamba hapa tulifanya kazi ya watu.

Kisha ardhi ikaisha.

Nilisimama ncha za viatu zikiwa ukingoni. Chini yangu kulikuwa na shimo. Watu watatu wangesimama mabegani mwa wenzao, wa juu asingeushika ukingo. Chini kabisa kulikuwa na mawe na dimbwi la maji ya mvua, ya rangi ya chai.

Shimo hilo nililijua kuliko ninavyojua jiko la mama yangu. Ndipo tulipochimba kifusi cha njia yote. Nilichokuwa nimesimama juu yake hakikuwa njia ya pikipiki. Kilikuwa njia ya toroli. Nilikuwa nimeisukuma toroli hapo mara zisizo na idadi, mimi na wenzangu, miezi saba, miguu na gurudumu, hadi udongo ukawa kama sakafu.

Niligeuka nikatazama nilikotoka, na ndipo nikaelewa. Njia halisi, ukishavuka tuta, inakata kushoto ghafla na kuzunguka nyuma ya jiwe kubwa. Lakini ukitoka juu huioni kona. Unaiona njia ya toroli, imenyooka mbele yako, imetakata, kama inakuita. Sisi hatukuwahi kuiona hivyo kwa sababu hatukuwahi kutoka juu. Sisi tulitoka chini. Ukitoka chini unazunguka jiwe, unafika kwenye tuta, na njia ya toroli ni kichochoro tu kilichojificha pembeni, cha sisi wafanyakazi. Nani angepotea hapo? Hata mshale wa kona tuliuchora kwenye jiwe upande tuliouona sisi, kijana mmoja akichora, mimi nimeshika kopo la rangi. Anayetoka juu angeuona mshale akishapita kona, kama angeipita. Wiki zote tulikuwa na utepe umefunga mdomo wa njia ya toroli, lakini jana yake mkaguzi alisema tepe zote ziondolewe, njia ijieleze yenyewe. Tuliuondoa kwa furaha. Ilikuwa kama kuvua bandeji.

Huko juu injini ikawaka.

Nilikimbia kuzunguka jiwe hadi kituoni kwangu, kwa sababu kituo hakiachwi. Sikuwa na redio ya mkononi. Redio zilikuwa kwa mkaguzi na Mama Ramani na mtu wa lango la juu. Nilisimama nimeshika bendera ya njano na nyekundu mkono mmoja, nikasikiliza. Sauti ya Fundi Spoki ilikuja ikipanda na kushuka, ikalifikia tuta, kisha ikakatika. Kitambo kifupi hapakuwa na kitu. Halafu injini ikanguruma kwa hasira, na Fundi Spoki akatokea nyuma ya jiwe, amejilaza sana, mguu mmoja unaburuza chini. Akanipita bila kunitazama.

Nikajiambia, umeona, amekata kona. Mtu mwenye macho anaiona. Ni wewe tu uliyekuwa unatembea na mawazo yako.

Lakini nilipanda kwenda kuangalia udongo. Tairi lake lilikuwa limeandika kila kitu. Lilipita kona, likaingia njia ya toroli urefu wa pikipiki mbili, kisha likachimba na kurudi kushoto kwa nguvu. Huyo alikuwa ameendesha miaka thelathini.

Kati ya mtu na mtu kulikuwa na dakika saba. Anayefuata alikuwa kaka.

Nilitafuta cha kuzibia. Hapakuwa na tawi wala gogo, tulikuwa tumesafisha kila kitu wenyewe, na pia tuliambiwa siku ya ukaguzi hata jiwe lisiguswe. Nilipanda tuta, nikamwona mshika bendera wa kituo cha tatu kwa mbali, ameketi, uso wake kaupeleka juu kama alivyoagizwa. Nilipunga njano. Hakugeuka. Nikaita. Sauti ilitoka, lakini upepo ulikuwa unatoka kwake kuja kwangu. Nikaita tena, kwa jina lake safari hii, na katikati ya kuita nikasikia injini ya pili.

Nilikwenda kusimama kwenye mdomo wa njia ya toroli. Njano au nyekundu? Njano ingemwambia apunguze, lakini isingemwambia aende wapi, na kaka yangu akiambiwa punguza huwa anauliza kidogo au sana. Nyekundu ingemaliza kila kitu. Nilimfikiria Mama Ramani. Nililifikiria gari la yule mfanyabiashara, na lile shati. Nilikuwa nimeshika bendera moja kila mkono na mikono yote miwili iko chini.

Kaka alilivuka tuta tairi zote mbili zikiwa hewani. Akatua, akasimama kwenye vikanyagio, akavuta mafuta, akaja moja kwa moja kwangu.

Niliinua nyekundu.

Alikamata breki. Gurudumu la nyuma likamkimbia, pikipiki ikalala na kuteleza, ikanipita pembeni ikizunguka kama sahani, ikaenda mbali kwenye ule udongo mgumu kabla ya kukwama, injini ikilia peke yake mpaka ikazima. Kaka alikuwa miguuni pangu. Sasa bendera yangu ilikuwa halali.

Alikaa kitako. Alivua helmeti kwa mkono mmoja, mwingine ulining'inia. Alikuwa amejaa tope hadi kwenye meno.

"Umefanya nini wewe?" alisema. "Njia nyeupe kabisa mbele yangu, unakuja kusimama katikati kama mbuzi."

Na mkono mzima alikuwa anaonyesha njia ya toroli.

Nilimshika jaketi upande usioumia, nikamwinua, nikamtembeza. Tuliipita pikipiki yake. Tulikwenda hatua nyingine ishirini, na nikamsimamisha. Alitazama chini muda mrefu. Kisha alirudi nyuma akakaa kwenye majani, akaniomba nimfunge zipu ya jaketi. Zipu ilikuwa imefungwa. Niliifungua, nikaifunga tena.

Wa kituo cha tatu alikuwa amesikia kishindo, akageuka, akaona nyekundu, akainua yake, na habari ikapanda juu. Haukupita muda mkaguzi akatokea kwa miguu, mtu mfupi aliyechomeka suruali kwenye soksi, karatasi zake kwenye mfuko wa nailoni. Nyuma yake Mama Ramani, nyuma ya Mama Ramani nusu ya wafanyakazi, Mzee Sururu akihema mwishoni.

Mkaguzi aliongea taratibu, kama mtu anayesoma masharti ya dawa. Alisema kuna mambo mawili. Ikiwa kosa ni la mshika bendera, yaani nimeinua nyekundu bila sababu, basi nitaondolewa, atawekwa mwingine, na ukaguzi utaendelea baada ya saa moja kwa mwendeshaji wa tatu. Ikiwa kosa ni la njia, ukaguzi umekwisha leo, marudio ni baada ya wiki sita. Kikao cha madiwani kilikuwa baada ya wiki nne.

Mama Ramani alinishika mkono kama anayeangalia kama nimeumia, akanisogeza pembeni ya jiwe. Tulimwita Mama Ramani kwa sababu hakuachana na bomba lake la karatasi za michoro kwapani. Aliacha kazi yake ofisi ya barabara kwa ajili ya uwanja huu. Kila kona aliipima kwa miguu yake mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya, na sijawahi kumfikiria hivyo, hata siku ile.

"Mwanangu, uliogopa," aliniambia kwa sauti ya chini. "Ulimwona kaka yako wa tumbo moja anakuja kasi, ukaogopa. Hakuna atakayekulaumu. Sema hivyo tu."

Akasema mkaguzi akishaondoka, jioni hiyo hiyo, atazungusha jiwe kubwa hapo kwa mikono yake akibidi. Hakuna pikipiki nyingine itakayopita kabla.

Nikamwuliza, na mwalimu je?

Alisema mwalimu huendesha polepole, ataiona kona. Alisema hivyo akiwa ameipa mgongo njia ya toroli, na hakugeuka kuitazama.

Mkaguzi alimwuliza kaka kwanza. Alimwuliza alikuwa anakwenda wapi nilipoinua bendera. Kaka alikuwa ameegemea jiwe, uso umekuwa wa majivu. Alisema alikuwa anajiandaa kukata kona, dada yake akamwahi. Alisema hivyo akitazama viatu vyake. Nilimtazama, hakunitazama, na sikumkasirikia. Nilijua alikuwa hanioni mimi wala lile shimo. Alikuwa anamwona rafiki yake pale barabarani.

Kisha wote wakanigeukia. Walikuwa watu kumi na wawili hivi. Sijawahi kuzungumza na watu kumi na wawili kwa mara moja. Nilifikiri nikifungua mdomo kitatoka kile alichoniambia Mama Ramani, kwa sababu kilikuwa tayari, kimepangwa, kifupi.

"Sikuogopa," nilisema. "Mimi mwenyewe nilipotea hapa leo asubuhi."

Mkaguzi alisema nieleze. Nilieleza vibaya, mwisho ukatangulia mwanzo. Nilimwambia kuhusu shimo, na kopo la rangi, na utepe, na kwamba nimesukuma toroli hapa miezi saba na bado miguu yangu ilinipeleka hadi ukingoni. Nilipoona maneno yananitoroka niliacha, nikampeleka kwenye alama za tairi la Fundi Spoki. Alichuchumaa. Alipima kwa viganja urefu wa lile tairi lilipopotea kabla ya kurudi. Mzee Sururu, ambaye siku zote alikuwa na la kuchekesha, alikohoa.

"Ni kweli," alisema. "Hatujawahi kushuka hii kitu. Tunapanda tu."

Mama Ramani alisema kwa ukali kwamba hiyo si sababu. Mkaguzi akainuka, akamwomba apande hadi kituo cha tatu, kisha ashuke kwa mwendo wa kawaida kama mtu ambaye hajawahi kufika.

Mama Ramani alicheka. "Njia hii nimeichora mimi."

"Ndiyo maana," mkaguzi akasema.

Alimkabidhi Mzee Sururu bomba lake la karatasi, akapanda. Tulisogea pembeni, kwenye majani, tukangoja. Kaka alikuwa anahesabu pumzi zake kwa maumivu. Mimi nilikuwa naomba aione kona. Nasema ukweli, niliomba hivyo. Niliomba akate kushoto bila kusita, nionekane mjinga, niondolewe, uwanja ubaki.

Alitokea juu ya tuta akitembea haraka, kichwa juu, amekasirika. Akashuka. Mguu wake wa kulia ukaipita kona. Wa kushoto ukafuata. Alipiga hatua nne kwenye njia ya toroli kabla miguu yake haijapunguza, kisha ikasimama. Hakugeuka kututazama. Alibaki hapo akiwa ametupa mgongo, na mabega yake yakashuka kidogo, kama mtu aliyetua ndoo.

"Andika," alisema. "Kosa ni la njia. Na ni langu."

Mkaguzi aliandika. Alisema wiki sita, na kwamba hawezi kutuahidi chochote kuhusu madiwani, hilo si la kwake. Akafunga mfuko wake wa nailoni.

Kaka alipelekwa hospitali na pikapu. Mfupa wa bega ulikuwa umevunjika, lakini hapo bado hatukujua. Kabla hajapanda alimwuliza mkaguzi kama wiki sita zinatosha bega kupona, ili marudio aendeshe yeye. Mkaguzi alimtazama kwa huruma kidogo.

"Bega litapona," alisema. "Lakini njia umeshaiona."

Miezi saba nje ya lango, na sasa hata marudio hayakuwa yake tena. Kaka alianza kucheka, bega likamkatiza, akaendelea kucheka huku anauma meno. Aliniambia nikawatafute kina Bila Breki wengine, wamejaa kijiweni, na niwaambie wana mshika bendera mwenye roho ngumu. Sikujua kama ananisifu au ananitukana. Sidhani kama yeye alijua. Mlango wa pikapu ukafungwa.

Sisi tuliobaki tulichukua majembe na sururu. Mama Ramani hakutuagiza, yeye ndiye alikuwa wa kwanza. Tulianza kuivunja njia ya toroli kuanzia mdomoni, tuifumue, tupande majani, tuvingirishe mawe. Haikutaka. Sururu ziligonga na kuruka. Ile ilikuwa miguu yetu wenyewe, siku baada ya siku, na sasa tulikuwa tunaipiga na inatupiga. Mmoja alisema mwenye ghala akipewa eneo, angalau atalikuta shimo la choo limeshachimbwa. Wachache walicheka. Mimi hakuna aliyenisemesha, wala hakuna aliyenisema. Walinipa nafasi kwenye mstari, kati ya watu wawili, nikachimba.

Jua lilikuwa limeshaanza kuwaka Mama Ramani alipoinua kichwa ghafla akauliza mwalimu yuko wapi. Mzee Sururu akasema bado yuko lango la juu. Mkaguzi alimwagiza asishuke wala asitazame huku, ili baada ya wiki sita awe bado anafaa. Hakuna aliyekumbuka kumwambia aende nyumbani. Mama Ramani alifuta jasho kwa mkono wenye tope, akaniambia nimpelekee maji, na nisimweleze chochote cha njia. Ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha tangu pale kwenye jiwe. Hakuniita mwanangu. Alinitazama machoni lakini.

Nilimkuta juu ya pikipiki yake, injini imezimwa, ameipa njia mgongo. Helmeti ilikuwa bado kichwani. Zaidi ya saa mbili alikuwa ameketi hivyo, akitazama ukuta wa kibanda cha lango. Yule wa redio alikuwa amekwenda na pikapu.

Aliniuliza nani alianguka, alisikia kishindo. Nilimwambia ni kaka yangu, bega, hakufa. Alipumua. Alivua helmeti, nywele zimelowa jasho, akapokea chupa ya maji, lakini hakunywa.

"Na mimi je?" aliuliza. "Ningefika?"

Nilitazama mikono yake. Alikuwa amevaa glavu za kazi za bustani, zile za kitambaa, zimetatuka kidole gumba. Nilitazama na helmeti mapajani mwake, ile iliyokuwa inamfunika macho kila akiinama. Ukishuka lile tuta, lazima uiname.

Nilimwambia hilo siruhusiwi kulisema.

Alinitazama muda mrefu, jinsi walimu wanavyomtazama mtoto aliyevunja kitu. Sijui alisoma nini usoni mwangu. Alianza kunywa, maji mengi yakamshukia kidevuni na kwenye jaketi. Hakujifuta. Aliuliza kama wiki sita zikifika aje.

"Njoo, mwalimu," nilisema. "Kama eneo litakuwa bado letu, njoo."

Alitikisa kichwa kukubali. Kisha akashuka kwenye pikipiki, akaniomba nimsaidie kuigeuza ielekee barabara ya nyuma, niigeuze mimi, kwa sababu yeye akiigeuza atajikuta ametazama njia. Alifumba macho na kusimama hapo, ameikumbatia helmeti yake. Nikashika usukani kwa mikono yenye tope, nikaizungusha pole pole, nikamwambia tayari.